Bahari Isiyo na Chombo

Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne wa Prussia amekaa juu ya farasi wa shaba mbele ya jumba la Alte Nationalgalerie mjini Berlin, katika kilele cha ngazi pana za mawe, na kwa kuwa mlango wanaoingilia watazamaji uko chini ya ngazi hizo, wageni wengi hupita bila ya kumwinulia jicho. Mji ule umejaa masanamu ya wafalme na majemadari, na adhama ikikithiri mahali pamoja humchosha mtu. Nami ningalipita vivyo hivyo, maana haja yangu ilikuwa picha moja iliyomo ndani, lau mwenyeji wangu asingalinishika mkono akanisimamisha.

"Mtazame vyema huyu, mwanangu," alisema. "Picha uliyoijia, yeye ndiye aliyemwomba babaye ainunue. Alikuwa kijana wa miaka 15, na mamaye hajatimiza hata nusu mwaka kaburini."

Mwenyeji wangu ni mzee wa Kiunguja, nami humwita Ami ingawa nasaba yetu ni ya mbali. Aliletwa Ujerumani ya Mashariki kusoma katika miaka ya 1960, wakati Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipofunga urafiki na dola ile na mafundi wake wakaja Unguja kujenga majumba ya Kikwajuni na Kilimani. Masomo yalikwisha, dola iliyomsomesha nayo ikaisha mwaka 1990, yeye akabaki. Huko akaoa, huko akalea, na huko akamzika mkewe. Wala si mtu wa pwani wa kwanza kukaa kando ya mto Spree, kwa kuwa Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha lugha yetu mjini Berlin katika miaka ya 1890, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye jina lake limefungamana na kitabu cha desturi za Waswahili, alifika baada yake kwa kazi hiyo hiyo. Nawataja ili msomaji asidhani kuwa macho ya pwani ni mageni pale.

Maneno ya Ami chini ya sanamu yalikuwa kweli tupu. Mwaka 1810 ulikuwa mwaka wa msiba kwa nyumba ya Prussia. Napoleon alikuwa amekwisha kuyavunja majeshi yake miaka minne nyuma, na jamaa ya mfalme, baada ya kuishi kama wakimbizi katika pembe ya mashariki ya nchi yao wenyewe, ilirejea Berlin mwishoni mwa 1809. Kisha tarehe 19 Julai 1810 Malkia Luise akafariki, umri wake miaka 34. Katika majira ya majani kupukutika ya mwaka huo Akademia ya Sanaa ya Berlin ilitundika picha mbili za Caspar David Friedrich, mchoraji aliyekuwa akiishi Dresden, moja juu na moja chini yake, na mrithi wa ufalme, kijana aliyefiwa, akamsihi babaye azinunue zote mbili. Mfalme akakubali. Sijui kwa nini wafafanuzi wengi hulitaja jambo hili kama habari ya biashara tu, ilhali mimi naliona kuwa ni tafsiri ya kwanza ya picha zile, iliyotolewa na mtoto ambaye majonzi yalikuwa yamemfungua macho mapema.

Tukapanda mpaka orofa ya juu. Picha ya Mtawa Kando ya Bahari si kubwa kama sifa zake: kimo chake ni sentimita 110, na upana wake unapindukia kidogo sentimita 171. Chini kuna ukanda wa mchanga uliofifia, ambao umeinuka kidogo upande wa kushoto, na katika mwinuko huo amesimama mtu mmoja amevaa joho refu la giza kama wavaavyo watawa, ametupa mgongo, na mkono ameuweka kidevuni. Mbele yake bahari imekuwa ukanda mwembamba, mweusi unaokaribia kijani, wenye mapovu madogo hapa na pale. Shakwe kadhaa wanaruka karibu na maji. Yaliyobaki yote, nayo yanapindukia robo tatu za picha, ni mbingu: utusitusi mzito umeinamia bahari, juu yake kuna weupe unaojaribu kupenya, na juu zaidi buluu ambayo kwa miaka mingi ilizibwa na vanishi iliyogeuka manjano, hata wataalamu walipoisafisha katika kazi iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 2016. Hakuna mti pembeni, wala jabali, wala kibanda, vitu ambavyo wachoraji wa mandhari wa zama zile walivisimamisha kila upande wa picha ili jicho lipate pa kushika. Jicho linaachwa peke yake.

Mimi ni mtu wa Tanga, na tangu utoto sijapata kuiona bahari ikiwa tupu. Alfajiri ngalawa zinarejea. Adhuhuri mashua inakata maji kwenda Pemba. Usiku karabai za wavuvi wa dagaa zimetanda mbali, hata asiyejua hudhani kuna mji kule. Hata mwoga wa maji, ambaye hakupata kukanyaga chombo aushi yake, akisimama ufukweni hutafuta tanga, akakisia ni la nani, linatoka wapi, na upepo unalitendeaje. Kwa hiyo niliposimama mbele ya picha ile niliingiwa na dhiki kifuani kabla ya kujua sababu yake, na nilipotafakari nikaona kuwa sababu si rangi za giza wala upweke wa yule mtu, maana watu wapweke nimewaona wengi. Sababu ni kwamba bahari ile haina chombo.

Na vyombo vilikuwamo! Wataalamu waliopitisha mionzi ya kupenyeza chini ya rangi wamevikuta katika mchoro wa kwanza, vyombo vya matanga, milingoti yake imesimama mbele ya upeo, naye Friedrich akavifunika kabla ya kuitoa kazi yake mkononi. Mtu huyu alizaliwa katika mji wa bandari, alijua kuchora mlingoti na kamba zake kwa uaminifu ambao nahodha angeuridhia, na katika picha zake nyingine vyombo vimejaa. Hakuvisahau, aliviondoa. Mwaka 1809, kazi ikiwa ingali chumbani mwake mjini Dresden, ilitazamwa na Marie Helene von Kügelgen, mke wa mchoraji aliyekuwa rafiki yake, na bibi huyo akamwandikia mwenzake barua ya kunung'unika kuwa katika maji yale hapana mashua wala jahazi, na katika mchanga ule halioti hata jani bichi. Mimi namheshimu sana bibi yule, kwa sababu alihisi kwa moyo tu jambo ambalo wengine walihitaji mionzi kulithibitisha.

Katika jumba hilo hilo kuna picha iliyochorwa na Georg Friedrich Kersting, inayomwonyesha Friedrich chumbani mwake akifanya kazi. Chumba ni kitupu kabisa, hakuna pambo, na nusu ya chini ya dirisha imefungwa ubao ili nuru iingie kutoka juu peke yake, hivi kwamba mchoraji wa mandhari hawezi kuona nchi wala mto, anaona mbingu. Alitembea pwani na milimani akachora kwa kalamu kila jabali na kila tawi, kisha akarudi akajifungia humo, akachagua na kuacha. Alishikilia kwamba mchoraji asiyeona kitu ndani ya nafsi yake asichore hata kile anachokiona mbele yake. Basi bahari ya picha hii si bahari ya macho peke yake, ni bahari iliyochujwa katika chumba kile hata kikabaki kile asichoweza kukiondoa.

Sasa nije kwenye jambo lililonisafirisha. Watu wameitazama picha hii kwa zaidi ya miaka mia mbili, nao wamegawanyika makundi mawili: wako waionao kuwa ni picha ya imani, na wako waionao kuwa ni picha ya ukiwa, ya binadamu aliyeachwa. Wa pili wana shahidi mkubwa. Ilipotundikwa Berlin, washairi Clemens Brentano na Achim von Arnim waliandika maneno juu yake kwa ajili ya gazeti la Heinrich von Kleist, naye Kleist akayakata, akayageuza, na akayatoa tarehe 13 Oktoba 1810 yakiwa yamechukua sauti yake mwenyewe, jambo ambalo lilimkasirisha Brentano. Kleist aliona katika picha ile uchungu usio na mfano, mtu mmoja katika milki kubwa ya mauti, na mandhari ambayo haimpi mtazamaji hata pazia la kujifichia. Maandishi yake ni makali na mazuri, na hakuna aliyeandika juu ya picha hiyo baada yake asiyempitia. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, Kleist alijiua kando ya ziwa la Wannsee, si mbali na mahali tulipokuwa tumesimama. Siwezi kuyasoma maneno yake pasipo kulikumbuka hilo, wala siyadharau. Lakini nasema kuwa alikiona alichokuja nacho, na msiba wake aliutwika mgongo wa mtawa ambaye uso wake hatuuoni.

Mchoraji mwenyewe hakunyamaza. Katika maelezo aliyoyaandika juu ya picha hiyo alisema kwamba mtu yule hata akifikiri tangu asubuhi mpaka jioni, na tangu jioni mpaka usiku wa manane, hatakifikia kina cha kile kilicho ng'ambo. Kwamba ni kiburi kudhani utalifumbua giza la mambo yajayo. Na kwamba yale huonekana na kujulikana kwa imani peke yake. Akataja pia nyayo mchangani, kuwa ingawa ni za kina, upepo mdogo huzifuta. Msomaji wa pwani hahitaji mwalimu wa Kijerumani kumweleza haya, maana tangu chuoni amefundishwa kuwa sifa ya mwanzo ya mcha Mungu ni kuamini ghaibu, na ghaibu haiwi ghaibu ikiwa unaiona. Friedrich alikuwa Mluteri, tena aliyelelewa kwa ukali wa madhehebu yake, wala sitaki kumvisha kanzu isiyo yake. Lakini katika jambo hili nililielewa neno lake kama neno la jirani.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini vyombo viliondolewa. Kama vingalibaki, mtawa angalikuwa mtu anayengoja: angalingoja barua, au ndugu, au shehena, nasi tungalimhurumia kisha tungaliondoka tukiwa na yakini kuwa chombo kitatia nanga. Mchoraji amemnyang'anya sababu zote za kusimama pale isipokuwa moja. Mwaka 1808 Friedrich alikuwa amemaliza picha ya msalaba juu ya kilele cha mlima, na mwanzoni mwa 1809 mkosoaji mmoja, Ramdohr, akamshambulia kwa hasira kuwa mandhari imeanza kujipenyeza altareni. Nadhani baada ya picha yenye msalaba ulio wazi hivyo, alitaka kujua imani itabaki na umbo gani mtu akiondolewa hata msalaba wa kuutazama. Mtawa wake hakupiga magoti, hakuinua mikono, hana kitabu. Lakini hakugeuka nyuma.

Kuna watu wadhanio kuwa imani huifukuza huzuni, na kwamba mwenye huzuni nyingi ana upungufu katika dini yake. Mimi nawakumbusha Nabii Yakubu, aliyemlilia Yusufu hata macho yake yakawa meupe, na wanawe wakamlaumu kwa kuzidisha, naye hakuacha kulia wala hakuacha kutumaini. Malalamiko yake aliyapeleka kwa Mola wake peke yake. Huzuni ya namna hiyo haikuwa kinyume cha imani yake, ilikuwa mwendo wake. Masheikh wetu hutuambia kuwa mja huishi baina ya khofu na raja, na anayepoteza mojawapo amepotea. Nami katika picha ile niliiona khofu katika maji meusi, na raja katika ule weupe ambao haujapasua utusitusi, lakini upo.

Nilipomwambia Ami rai yangu hii alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Wewe umemwona mcha Mungu, mwanangu. Mimi miaka yote namwona mgeni."

Akanieleza kuwa mwaka wake wa kwanza alipelekwa Rostock, na siku moja ya baridi alikwenda pwani peke yake akitaka kuelekea kwao. "Nikatafuta kusini ni wapi. Bahari ile inatazama kaskazini! Ukisimama ukiitazama, kwenu umekupa kisogo. Na ukigeuka ili ukutazame, huoni bahari, unaona bara. Kwetu mtu akishikwa na hamu huililia bahari, na bahari inampeleka. Hapa hata hilo sikulipata." Nikaitazama upya picha, nikaona kuwa mtawa naye, kama amesimama katika pwani ya mchoraji wake, ametazama kaskazini, nchi yote ya watu ikiwa nyuma yake. Sikuwa na la kumjibu.

Ami mwenyewe haijii picha hiyo. Anayoijia, na walinzi wa chumba kile wamekwisha kumzoea, ni ile ya pili, Abasia Katika Msitu wa Mialoni, ambayo ni takriban ukubwa ule ule. Ni saa ya magharibi wakati wa theluji. Mialoni imepukutika yote na matawi yake yamejipinda. Katikati umebaki ukuta mmoja wa kanisa lililobomoka, una dirisha refu lisilo na kioo na mlango ulio wazi. Mwezi mwembamba umetoka juu. Makaburi yamesimama ovyo, moja limechimbwa, na kundi la watawa, wadogo mno mbele ya mialoni, wanabeba jeneza kuelekea mlango ule, ambamo kuna msalaba na taa mbili. Ukipita mlango hakuna nyumba. Kuna theluji na ukungu.

"Watazame," Ami aliniambia, na sauti yake ilibadilika. "Paa hakuna, kuta hakuna, imamu sijui kama yupo. Wangaliweza kumzika kando wakarudi kwenye moto. Lakini wamempitisha mlangoni." Kwetu jeneza hupokezanwa bega kwa bega, na mtu asiyemjua maiti huingia njiani akabeba hatua chache kwa ajili ya thawabu, lakini huko Ujerumani mkewe Ami alichukuliwa na watumishi wa makaburi waliovaa sare, wenye adabu na wasiomjua, naye Ami na watoto wakafuata nyuma. Hakunung'unika aliponieleza. Alisema tu kwamba baada ya siku ile alianza kuja kuwatazama watawa hawa, kwa sababu wanabeba wenyewe.

Wako wafafanuzi wasemao kuwa picha hizi mbili ni hadithi moja, na kwamba aliye ndani ya jeneza ni yule yule mtawa wa baharini, amekwisha kupata jibu la swali lake. Rai hiyo ni nzuri na mimi naielekea. Ami aliikataa kwa ukali ambao sikuutazamia: "Hasha! Yule hakufa. Mbona kila anayehuzunika mnamzika?"

Tukaondoka Berlin kwa treni kwenda kaskazini, katika nchi tambarare ya mashamba na maziwa, hata Greifswald, ambako Friedrich alizaliwa tarehe 5 Septemba 1774, wakati Pomerania ile ilipokuwa chini ya mfalme wa Uswidi. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa katika mtaa wa Lange Straße, nyuma ya kanisa kubwa la Mtakatifu Nikolai. Baba alikuwa mtengenezaji wa sabuni na mishumaa, na leo mahali pale ni kituo cha kumkumbuka mwanawe, na humo huelezwa kazi ya kuyeyusha mafuta na kumimina mishumaa. Nilikaa humo muda mrefu kuliko nilivyokusudia, nikiwazia kuwa zile taa mbili chini ya msalaba, ambazo ndizo nuru pekee iliyowashwa na mkono wa mtu katika picha nzima ya abasia, zimechorwa na mtoto wa mtu wa mishumaa. Mama alikufa mwaka 1781, mtoto akiwa na miaka 6. Dada mmoja akamfuata mwaka uliofuata, na mwingine mwaka 1791. Baina ya vifo hivyo, mwaka 1787, nduguye Johann Christoffer alikufa maji, na mapokeo ya watu husema kuwa alizama katika kumwokoa Caspar David mwenyewe. Mtu aliyelelewa na misiba ya namna hiyo akichora maji meusi, sioni haja ya kumtafutia falsafa ya mbali.

Kutoka mjini tulifuata mto Ryck mpaka Eldena. Magofu ni ya matofali mekundu, yamezungukwa na miti mirefu, na watoto walikuwa wakichezea mpira kivulini. Watawa wa Kisistersia waliianzisha abasia hiyo mwaka 1199. Matengenezo ya Luther yakaifunga katika karne ya 16. Vita vya Miaka Thelathini vikaiharibu, na Waswidi wakachukua matofali yake kujengea ngome. Kwa hiyo watawa wa Friedrich hawakuwa watu aliowaona. Katika nchi yake walikuwa wametoweka kwa muda wa karibu karne tatu, na gofu lile katika majira ya joto lina majani mabichi na ndege, halina theluji. Alichukua ukuta wa magharibi na dirisha lake, akaupeleka katika baridi na giza la moyo wake, akawafufua wenyewe ili wamzike mtu. Sisi wa pwani tunayo magofu ya kutosha, Kaole, Gedi, Kilwa Kisiwani, na tumezoea kuyaombolezea kwa mashairi. Lakini sikumbuki kumwona mtu wetu aliyethubutu kuwarejesha wenyeji wa msikiti uliobomoka, wakaswali ndani yake bila ya paa, kana kwamba ubomozi si habari kubwa. Hilo ndilo alilolifanya Friedrich, na siku ile nilimwonea wivu kwa ajili ya washairi wetu.

Siku nyingine tulivuka daraja la Stralsund kuingia kisiwa cha Rügen, ambacho Friedrich alikizunguka kwa miguu mara nyingi, na kwa treni kisha kwa basi tukafika Altenkirchen, halafu Putgarten, karibu na ncha ya Arkona. Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu, Ami akiegemea fimbo yake, upepo ukitusukuma ubavuni. Bahari ya Baltiki ilikuwa chini yetu, ya rangi ya kijivu, nami niliona mambo yake kwa mara ya kwanza: haipwi wala haijai, isipokuwa upepo unapoisukuma, maji yake yana chumvi haba, na mwani wake hauna ile harufu kali ambayo kwetu humfikia mtu kabla hajaiona pwani. Bahari isiyokupwa ilinitia mashaka. Kwetu hata bahari iliyo tupu hufanya kazi, hujongea na kurudi, na mtu aliyekata tamaa hujua kuwa baada ya saa sita mambo yatageuka. Ile haigeuki, imekaa vile vile inakutazama. Niliona basi kuwa mtawa ana mtihani mzito zaidi kuliko nilivyodhani nikiwa Berlin.

Katika bonde dogo la pwani kipo kijiji cha wavuvi kiitwacho Vitt, nyumba zake zimeezekwa matete, na juu kidogo kuna kanisa dogo jeupe la pande nane. Asili yake ni hii. Gotthard Ludwig Kosegarten, mshairi na mchungaji wa Altenkirchen tangu 1792 mpaka 1808, aliona kuwa wakati wa msimu wa samaki aina ya heringi wavuvi hawawezi kuja kanisani, kwa kuwa kundi la samaki likipita na wao hawapo, riziki ya mwaka imepita. Akaacha kuwalaumu, akawafuata yeye. Aliwahubiria pwani, chini ya mbingu, nao wakasikiliza huku jicho moja likiwa baharini, na kwa ajili ya siku za mvua likajengwa kanisa lile, lililoanzwa mwaka 1806 na kumalizika 1816. Kosegarten alimjua Friedrich na alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kununua kazi zake, na sina shaka kuwa mahubiri yale ya ufukweni yamo katika mchanga wa picha ya Berlin. Ni mchungaji gani mwingine wa siku zile aliyewaambia watu kuwa pwani yenyewe yatosha kuwa nyumba ya ibada?

Lakini kanisa la Vitt lilikusudiwa kupewa picha nyingine, nayo ilichorwa na Philipp Otto Runge, mwana wa Wolgast, mji wa jirani. Ni Nabii Isa akitembea juu ya maji usiku, na Petro anazama akinyoosha mkono, na wenzake wamo chomboni katika mawimbi. Asili yake iko Hamburg. Niliizungumza na Ami tulipokaa kwenye benchi nje ya kanisa tukila mikate yetu. Nikasema kuwa Runge aliwapa wavuvi wote wanachokihitaji: mawimbi, chombo, hofu, na mkono wa kushika, na kwamba Friedrich, aliyeijua pwani hii hii, ameondoa mkono, ameondoa chombo, na ameondoa hata mawimbi makubwa, akabakiza mtu na mbingu, kisha akaamini kuwa inatosha. Nikasema kuwa kwa hiyo imani ya Friedrich ni kubwa zaidi.

"Au ana deni kubwa zaidi," alijibu Ami. "Ndugu yake hakupata mkono wa kushika. Ungalitaka achore mkono?"

Nikamwambia kuwa hapo basi amekubali rai yangu, kwamba vyombo viliondolewa kwa makusudi ili mtawa asiwe na wa kumngojea isipokuwa Mungu. Akatikisa kichwa. "Wewe wasema vimefutwa. Mimi nasema vimeondoka. Alivichora kwanza, si ndivyo? Basi vilikuwapo, vikang'oa nanga, na yule anajua vimekwenda. Ndiyo maana hakugeuka nyuma, bado anakitazama cha mwisho pale kilipopotelea." Nikamuuliza kama mtu anayetazama mahali chombo kilipopotelea ni mwenye imani au mwenye huzuni. Akaniuliza nani aliyeniambia nichague.

Tulibishana hivyo njia nzima ya kurudi Putgarten, tukabishana ndani ya basi mpaka abiria waliokuwa mbele wakageuka, na jambo moja tu tulikubaliana: kwamba kabla sijarejea nyumbani tutakwenda Hamburg kuitazama picha ya Runge kwa macho yetu, naye Ami ataipima bahari yake na chombo chake, na kwa kuwa tutakuwa tumekwisha kufika huko, tutapita makaburi ya Ohlsdorf kumsomea Fatiha bibi mmoja wa Unguja aliyepanda meli mwaka 1866, Sayyida Salme binti Said, ambaye amelala huko kwa jina la Emily Ruete. Nilimkumbusha kuwa alibatizwa. Ami alisema anajua, na kwamba Fatiha ataisoma.